Jina nililoliita katikati ya filamu ya Stela

Jumanne, mvua. Huku Bwaise maji yameingia mpaka chini ya kitanda. Viatu nimevipandisha juu ya kabati, na mimi nimekaa kitandani na simu, miguu nimeikunja kama kuku. Kibanda changu cha chakula kule Wandegeya leo sijafungua. Nasingizia mvua.

Ukweli ni aibu.

Ukurasa huu alinifungulia mwanangu Stela mwaka jana, kwa sababu nilikuwa nampigia simu mara sita kwa siku kumuuliza kama amefika, kama amekula. Akasema, "Mama, hofu zako ziandike hapa, nitakuwa nasoma." Basi nimeandika kuhusu mguu wangu, kuhusu mwenye nyumba, kuhusu hizo boda anazopanda bila kofia. Niliishia darasa la nne lakini naandika. Leo sijui kama bado anasoma. Hii siku ya tatu hashiki simu yangu.

Jumamosi alasiri alinipeleka kuona filamu yake. Ni ule mchezo wa nyimbo wa zamani, ambao sisi tuliouona jukwaani tulikuwa tunauita Mgomba tu. Sasa umeigizwa upya na kupigwa picha. Stela ndiye anayeimba sehemu ya mama ambaye mtoto wake hakurudi vitani. Mwili hakuna, basi anazika kipande cha mgomba, kama ilivyo desturi. Nilivaa gomesi yangu ya kijani, nikakaa mbele kama mama wa bibi harusi.

Ambao hamkuuona zamani, nawaeleza. Baada ya vita ile ya themanini na sita, mchezo ulipofika hapo, mgomba ukishashushwa kaburini, taa zote zilikuwa zinazimwa. Ngoma kimya. Hapo gizani, sisi tuliokaa kwenye viti tulikuwa tunaita majina ya watu wetu. Mmoja huku, mwingine kule nyuma. Kila jina likiitwa, waimbaji walijibu kwa pamoja, polepole: "Tumesikia." Hakuna aliyeona nani kamwita nani. Ndiyo maana tuliweza.

Mimi nilikuwa namwita Opio. Kila mchezo ulipokuja, nilimwacha Stela mdogo kwa jirani nikaenda kumwita Opio.

Sasa Jumamosi mgomba uliposhuka, skrini ikawa nyeusi. Sikufikiri. Mwili ulisimama wenyewe, nikaita kwa sauti yangu yote ya sokoni.

Hakuna aliyejibu.

Kumbe lilikuwa giza dogo tu la kupisha picha nyingine. Fidla zikaanza, uso wa mwanangu ukajaa ukuta mzima, na mimi nimesimama mbele yake kama mwizi aliyemulikwa tochi. Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Nyabo, mama, kaa chini, hapa hakuna aliyekufa." Nikaona simu imenielekea.

Nje Stela alinishika mkono. "Mama, huyo Opio ni nani, mpaka umwite siku yangu?"

Nikamwambia ni presha, nilichanganyikiwa. Akaniangalia sana, kisha akaenda kupiga picha na wenzake.

Jana mwanafunzi mmoja, mteja wangu wa posho, ule ugali wetu, na maharage, akanionyesha simu yake: "Mama Stela, si huyu ni wewe?" Nipo kwenye ukurasa wa mashabiki wa Mgomba, mdomo wazi. Maharage yaliungua.

Vijana wananicheka. "Opio wee, rudi nyumbani, chakula kinapoa!" Hiyo haikuniuma sana. Opio alikuwa mtu wa kuchelewa chakula kweli. Mwingine kaandika kwa adabu kwamba bila filamu asingeujua mchezo huu, maana wazazi wake hawakuwahi kumwambia lolote. Huyo nimemsoma mara nyingi.

Walioniua ni wanaonitetea, watu wa umri wangu. Wanasema filamu imeweka fidla mahali pa wafu wetu. Mwanzoni nilifurahi, nakiri, nikajiona mtu. Halafu nikaendelea kusoma. "Huyo mama ameimba kwa neno moja kuliko yule binti kwa saa mbili." "Binti analia kama anatangaza sabuni." "Angemuuliza huyo mama jinsi watu wanavyolia."

Yule binti ni wangu, banange, jamani. Nimemnyonyesha.

Wanampiga kwa fimbo waliyoitoa mkononi mwangu.

Na filamu mimi niliiona nzuri! Aliimba kuwashinda wale wote wa zamani. Nilijaribu kuwaandikia hivyo, nikafuta. Nilijua wangeniuliza: kama ni nzuri, wewe ulisimama kumwita nani?

Tena Stela alishaniuliza kabla ya filamu. Alipokuwa anajifunza ule wimbo alikuja hapa, akakaa palepale mlangoni. "Mama, wewe umewahi kumpoteza mtu?" Nikamwambia kula kwanza, chakula kinapoa.

Stela, Opio ni mjomba wako. Ni pacha wangu. Kabla sijawa Grace nilikuwa Acen, na kwetu Acen ni pacha anayezaliwa wa pili. Yeye alinitangulia. Alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa. Siku alipotoka nilimfunikia sahani yake, haikufunuliwa. Baadaye majina yetu ya kaskazini, yale ya walioshindwa, yalikuwa yanatutia hofu, nikaliacha langu na lake pia. Kwanza nilinyamaza ili uwe salama. Kisha nikazoea kunyamaza. Hata mgomba sikumzikia. Mazishi yake yalikuwa pale kwenye viti, gizani, dakika moja moja.

Ulinipa kiti cha mbele, na mimi nikakupa uongo.

Sasa nimeandika mchana, na kila mtu anaona nani kamwita nani. Ninyi mashabiki bishaneni, ila mwanangu mwacheni. Aliimba kilio ambacho mama yake alimficha, na bado alikipata.

Maji yameanza kurudi nje. Kesho nitafungua kibanda, anayecheka acheke.

Stela, sitapiga simu. Ukisoma, niandikie hapa chini lile neno moja la waimbaji. Unalijua sasa.

Kama bado huliwezi, niandikie tu kama umekula.