Makuti Tisini na Moja

Gede, Jumapili baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla Mumbua hajaendelea kukusomea. Goti linasemaje na baridi ya huko? Mimi nipo, nimechoka tu. Kasiva ana meno mawili na hanipi usingizi, lakini ananyonya vizuri.

Barua hii nampa kondakta wa basi la leo, ili imtangulie Mutinda, yule mtoto wa jirani yetu anayeendesha lori la boriti. Ijumaa alikuwepo hapa, na mdomo wake unaujua. Atakwambia binti yako ni mwizi wa makuti. Sikiliza kwangu kwanza.

Tunashona makuti ya kuezekea hoteli. Kila mwanamke ana rundo lake, na Ijumaa huyafunga mafungu yaliyo sawa. Msimamizi, Mzee Karisa, huhesabu fungu moja, kisha huhesabu mafungu, basi. Yasipokuwa sawa hapokei, na linalobaki watu husema ni la mwenzako. Na anayeshikwa na kuti la mwenzake haonekani tena hapa.

Mimi nilikuwa na tisini na moja. Kadzo, mwenzangu wa Kigiriama tunayekaa naye mkeka mmoja, akahesabu yake akapata themanini na tisa.

"Asubuhi yalikuwa tisini! Haki ya Mungu, tisini!" akalia, na macho kwangu.

"Haya, Mama Kasiva," akasema Mzee Karisa, "funga tuone."

Huku watu hufunga kwa tano, sita au kumi. Kwa tano likabaki moja. Kwa sita, moja. Kwa kumi, moja.

"Hilo moja linalilia kwao!" akapiga kelele mmoja, wakacheka. "Watu wa bara nyinyi, mikono mirefu!"

Wakajaribu kwa mbili na kwa tatu, likabaki lile lile moja. Kwa nne yakabaki matatu, lakini hilo hakuna aliyelitaja. Mama, nilianza kujishuku mwenyewe. Labda mtoto alipokuwa akilia mchana nilivuta la Kadzo bila kujua?

Halafu nikakumbuka darasa la saba. (Nasikia siku hizi wana la nane. Mimi la saba lilinitosha.) Mwalimu alikataza kusema namba haigawanyiki kabla hujaijaribu kwa saba.

"Saba hamjaijaribu," nikasema.

"Nani hufunga saba?" akauliza Mzee Karisa.

"Mimi, leo."

Nikafunga saba saba, Kasiva mgongoni, wao wakihesabu kwa sauti. Yakatoka mafungu kumi na matatu. Halikubaki hata moja.

Mzee Karisa akamgeukia Kadzo, "Basi mwizi ni wewe unayesingizia wenzio. Funga yako." Kadzo akaanza kufunga. Nikamwambia mzee, themanini na tisa inatosha kuijaribu kwa mbili, tatu, tano na saba. Nne, sita, nane na tisa zimo humo humo, na kumi mara kumi ni mia, imeshaipita. Tukajaribu zote, zikakataa. Hiyo ni namba tasa. Haina fungu sawa duniani, na si dhambi ya aliyeshona.

Lakini kuti langu sikumpa. Ningempa moja, wangesema nimerudisha. Nikakaa karibu naye, nikachukua majani yake mwenyewe, nikashona la tisini mbele ya macho yao wote. Alilipokea bila kuniangalia.

Lililopotea lilikwenda wapi? Sijui. Kibanda cha chai cha Mzee Karisa kina kuti moja jipya kati ya makuukuu. Simtaji mtu. Ila sasa nahesabu asubuhi na jioni, na yangu nayatia uzi mwekundu.

Mutinda akifika, usigombane naye. Mpe chai, mmwagie maharagwe tisini na moja mezani, umwambie ayapange saba saba. Akimaliza, muulize ni lipi la wizi.

Msalimie baba mdogo anayetuchungia ng'ombe, na shangazi wa sokoni, na Mumbua anayesoma hii, asiruke mstari.

Ni mimi binti yako, niliyeyashona yote tisini na moja,

Ndinda