Mguu Ubavuni mwa Pipacs

Mama mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri: namwogopa farasi wako. Tangu ulipokwenda Bologna, kila nikitaka kumpanda Pipacs huenda kwanza nyuma ya zizi nikatapika, ndipo narudi kumfunga tandiko. Basi, limetoka. Sasa niandike kama ulivyonifundisha.

Nakubusu mkono, mama. U hali gani? Mgongo unaendeleaje kwa kumnyanyua yule mgonjwa wako, Bibi Ornella, kitandani, na yeye mwenyewe ameacha kukutupia vijiko? Sisi tunaendelea. Babu nyonga inamsumbua mvua ikikaribia, lakini mdomo wake hauna ugonjwa. Mdogo wangu Botond ameng'oka jino la mbele, analiweka ndani ya kiberiti mpaka uje ulione. Kaburi la baba nimelipalilia kabla ya Pasaka. Shuleni nakwenda vizuri. Mwalimu wa Kiromania alimwambia babu kwamba najua lugha mbili barabara, na ninanyamaza kwa zote mbili.

Ndiyo maana naandika. Jumapili uliponiuliza kwenye simu kama uje Pentekoste au uache mpaka vuli, kwa kuwa, ulisema, Krismasi ulituvuruga, nilisema upendavyo, nikampa babu simu. Nikamsikia akikuambia watoto wametulia sasa, usije ukawashtua tena. Nawe ukasema utafikiri, ama ukate tiketi mwisho wa mwezi ama uiache. Mama, usiamue kabla hujamaliza kusoma.

Habari ya Pasaka ni hii. Babu alisema nyumba yetu haijawahi kukosa farasi kwenye msafara wa Jumatatu, ule wa kupeleka habari ya Ufufuko kijiji cha jirani, na kwa kuwa nyonga haimruhusu, nitaenda mimi na Pipacs. Mjomba Áron akacheka, akasema heri wampandishe paka juu ya jiko la moto. Unamjua Pipacs: mfuko wa plastiki ukipeperuka barabarani, yeye ameshafika mjini Brașov. Na msafara una bendera, una kengele, una tepe za karatasi kwenye hatamu, na wanaume wa kijiji kizima wanaimba, kila mmoja na sauti aliyoamka nayo.

Kwaresima yote babu alinifundisha uani, ameegemea fimbo. Sheria yake ilikuwa moja: farasi mwenye damu moto haguswi kwa mguu. Miguu mbali na ubavu, binti, keti kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Nikakaa hivyo, nimetanuka kama mkasi ulioachwa wazi. Lakini mguu una uzito wake. Ukichoka unarudi wenyewe, kisigino kinamgonga, naye anaruka kama kachomwa na mkaa, mimi najikuta kwenye matope. Babu huniuliza kutoka ukutani si aliniambia nisimguse. Basi siku ya pili natanua zaidi, naye anaruka zaidi. Nilipokuwa nikiingia jikoni na matope mpaka kwenye nyusi, kila mtu alisema nina moyo kama wa mama yangu. Sikuwasahihisha.

Jumatatu tuliondoka baada ya baraka, jua likichomoza. Pipacs alikwenda upande upande kama kaa, povu jeupe shingoni. Wavulana waliokuja kuwanyunyizia wasichana manukato, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, walinizunguka kwa mbali na vichupa vyao. Lehel, mtoto wa fundi mwashi, akasema mimi ataninyunyizia mwaka ujao, akishapata bima. Nilicheka ili nisilie.

Halafu tukafika ile njia iliyozama kati ya kingo mbili, karibu na mzee anayefuga nyuki. Msafara ukabanana. Kulia kwangu alikuwa mjomba Áron na lile dume lake la farasi, pana kama kabati, kushoto mbeba bendera. Miguu yangu ikabanwa ubavuni mwa Pipacs pande zote mbili; hata kama ningetaka kuitanua, hapakuwa na pa kuitanulia. Nikafumba macho nikasema sasa nakufa, tena mbele ya padri.

Pipacs alitetemeka mwili mzima. Alirusha kichwa juu. Nami sikuwa na la kufanya, nikabaki nimemgusa. Kisha, mama, akatoa pumzi ndefu puani, shingo ikashuka, na sikio moja likageuka nyuma kunitafuta. Mpaka mwisho wa ile njia alitembea kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji, na bendera inampapasa kichwani.

Tulipotokea uwanjani nafasi ikarudi, na mguu wangu ukataka kukimbia kwa mazoea. Nikauzuia. Nikauacha palepale, mwepesi, kama unavyomwekea mkono mtoto aliyelala. Mjomba akaniuliza huyu nimempa nini, pombe ya pálinka? Nikamwambia sijampa kitu, nimekaa tu. Akasema basi kaa hivyohivyo, usije ukatuamkia na akili nyingine.

Nilifikiri jambo hilo njia yote ya kurudi. Pipacs hakuchukia kuguswa. Alikuwa haguswi mpaka anapogongwa.

Sasa siri ya pili, ambayo ni ngumu kuliko ile ya kutapika. Krismasi uliposhuka kwenye basi ukafungua mikono, niliruka nyuma. Uliona. Ukautazama mkono wako kana kwamba una uchafu, ukaufuta kwenye koti. Siku zote ulizokaa nikasema Pipacs anaumwa tumbo, nikahamia zizini. Hakuumwa chochote, alikula kuliko babu. Ni kwamba nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila mkono wako, halafu ukaja wote kwa mpigo, na nilijua utaondoka wote kwa mpigo. Sikuweza kuuzoea kwa siku chache na kuuaga.

Hukutuvuruga. Na si kweli kwamba tumetulia. Botond hulala na aproni yako. Babu anajua, huifua Jumamosi na kumrudishia kabla haijakauka sawasawa, kisha anasema mtoto huyu hatakuwa mwanamume kamwe. Tunakaa mbali na jambo hilo, sote watatu, kwa kuogopa lisiruke.

Njoo Pentekoste, mama. Kata tiketi. Na kabla ya hapo usingoje Jumapili ndipo tuambiane kwa saa nzima kwamba sote ni wazima. Piga kila siku, hata kama ni kuniambia unamenya viazi na Bibi Ornella amenuna. Mimi sitasema mengi, lakini nitakuwa hapo nasikiliza. Na ukishuka kwenye basi nitashtuka tena, najijua. Usiondoe mkono.

Mfikishie Bibi Ornella salamu zangu, hata kama atauliza mimi ni nani. Mjomba Áron anakusalimu, anasema mwanao sasa anapanda vizuri kuliko wewe, ila nisikuambie. Botond anakutumia busu lenye pengo. Babu angekusalimu kama angejua naandika.

Nasikia buti zake ngazini sasa, na ile fimbo. Mkono wangu ulishaanza kuisukuma karatasi chini ya kitabu cha jiografia. Nimeurudisha. Karatasi iko katikati ya meza, chini ya taa, naye akiuliza namwandikia nani na nimesema nini, nitamjibu kwa sauti.

Mwanao anayekungoja,
Emese