Nilipaka Kutu Trekta Langu, Nikamchafua Mzee Orrin

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nianze na lile baya kabisa ili usije ukanionea huruma mapema: nimemchafulia jina mtu ambaye hajawahi kunikosea, jirani yangu mzee Orrin, huyo huyo aliyenifundisha kufungua kabureta nikiwa bado sijui kushika spana, na sasa anakufa huku anaamini uongo nilioutoa mimi mdomoni mwangu. Jina langu naomba ulifiche.

Nina miaka hamsini na sita, nafanya kazi kwenye maghala ya nafaka hapa Indiana, na ukitoa kazi na kanisa sina kingine ila haya matrekta madogo ya bustani ya zamani, yale ambayo baba zetu walikatia nyasi na kulimia viazi nyuma ya nyumba na kusukumia theluji, sisi tunayaokota yameozea kwenye mabanda ya watu, tunayafungua mpaka skrubu ya mwisho, tunayafufua, halafu kila mwezi wa nane tunayapeleka uwanja wa maonyesho wa kaunti, tunayapanga mistari, tunakaa nyuma yake kwenye viti vya kukunja, tunakula tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda na kubishana kutwa. Mke wangu Noreen anasema sisi ni watoto wenye mvi.

Sasa uelewe kitu kimoja, la sivyo utaona nakuandikia upuuzi. Kuna mstari wa yaliyopakwa rangi upya, yanang'aa kama pipi, na kuna mstari wa Yasiyoguswa, yaani rangi ni ile ile ya kiwandani, imepauka, ina kutu, kiti kimechanika, na hakuna aliyekitia mkono. Rangi mpya anaweza kuweka yeyote mwenye subira. Ule upauko huwezi, unaupata tu kwa sababu ukoo wako ulikaa na kile kitu maisha yote na hawakukiharibu, na ndiyo maana utepe wa mshindi wa mstari ule unawatoa watu roho.

Mimi niliutaka. Boneti ya trekta langu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka matundu, nikapata nyingine, lakini hiyo mtu alishaipaka rangi juzi tu, basi nikaanza kuizeesha. Wenzangu wanasugua kutu itoke, mimi nilikuwa naipika. Siki na chumvi kwenye chupa ya kupulizia, brashi ya waya, kahawa nzito, halafu nikaiweka kwenye banda la kuku majira yote ya baridi kuku waikalie na kuifanyia mambo yao. Noreen aliingia gereji siku moja akaziba pua.

"Wewe mwanaume, unatengeneza trekta au kachumbari?"

"Naitunza hii."

"Unaitunza! Mtu mzima na mvi zake anapaka trekta mavi ya kuku, eti anatunza."

Nikacheka, na yeye akacheka. Ilitoka vizuri mshauri, ilitoka vizuri mno, hata mimi nikiiangalia nilikuwa nasahau.

Siku ya maonyesho mwaka jana trekta la Orrin lilikuwa kabla ya langu kwenye mstari. Lile baba yake alilinunua jipya, Orrin akiwa mtoto amesimama getini likishushwa, na tangu hapo hakuna aliyeliongezea hata tone la rangi. Tatizo ni kwamba upande mmoja wa boneti wekundu umekolea na mwingine umepauka, na mimi najua sababu, kwa sababu mimi mwenyewe nilimsaidia kulitoa bandani: lilikaa miaka na miaka upande mmoja umetazama dirisha, mwingine umetazama ukuta. Jua lilikula huku, halikula kule. Basi.

Hobart, mwamuzi wetu mkuu, akainama, akaangalia, akaniita pembeni, maana kwenye klabu yetu ya matrekta mimi ndiye mjuzi wa rangi.

"Hebu njoo. Mbona upande huu umekolea hivi? Banda la mzee wewe unalijua. Imepakwa hii?"

Jibu lilikuwa neno moja tu, dirisha. Lakini nyuma ya Hobart niliona trekta langu linasubiri zamu, na nikawaza, huyu leo ameamka na macho makali, akimaliza hapa atakuja kuinusa boneti yangu, afadhali apate kosa hapa atosheke. Nikasema, "Mimi sisemi kitu, Hobart. Ila majira ya baridi nilimwona mzee na kopo la rangi nyekundu."

Na ni kweli nilimwona nalo. Alikuwa anapaka geti.

Sisi huku hatupigi kelele. Hobart alimwendea taratibu tu. "Mzee Orrin, tutalisogeza mstari ule mwingine, usijali."

"Mstari upi?"

"Wa yaliyopakwa."

"Kalipaka nani?"

Delbert, mwanaklabu mwenzetu ambaye hawezi kuona kimya akakiacha, akasema, "Labda limejipaka lenyewe usiku, mzee wangu!" Watu wakacheka. Orrin hakulipeleka kwenye mstari wowote. Alilirudisha kwenye trela peke yake, na hilo, mshauri, ndilo litakuonyesha, kwa sababu kwetu mtu hapandishi trekta peke yake, hata usiyempenda unakwenda unamshikia ubao wa kupandishia, na siku ile hakuna aliyeinuka kitini. Mimi nilikuwa napigwa picha na utepe.

Toka siku ile hakuna aliyemtukana, lakini hakuna aliyempigia simu pia. Alikuwa anakuja kunywa kahawa nasi Alhamisi asubuhi, akaacha. Watu walikuwa wanamwuliza vipuri, wakaacha. Mimi klabu ikanichagua niongoze gwaride la matrekta mwaka huu.

Majira ya kuchipua yaliyopita mapafu yake yakamshinda. Amelazwa sebuleni kwake na mpira wa hewa puani, na majuzi binti yake Twyla akanipigia kuniambia baba amemwita mtu wa vyuma chakavu aje achukue trekta Jumatatu baada ya maonyesho, hataki ndugu wala mnunuzi, anataka lisagwe, na akaniomba nikamwongeleshe kwa sababu mimi ndiye rafiki yake. Nikaenda na bakuli la chakula alilopika Noreen.

"Kaa hapo," Orrin akaniambia. "Wewe unajua rangi kuliko sisi wote. Nataka ukweli, na usinionee huruma kwa sababu ya huu mpira."

"Sema, mzee."

"Baba yangu. Inawezekana alilipaka nikiwa jeshini, akaninyamazia?"

Nikaliweka bakuli sakafuni.

"Maana mimi najua sikulipaka," akasema. "Na ninyi nyote, watu wazima wenye macho, mliona limepakwa. Sasa kabaki nani? Kabaki yeye. Mpaka anakufa alikuwa ananiambia, Orrin, hili halijaguswa, hili nakuachia lilivyo. Nikamwamini kama mjinga. Alikuwa mwongo tu yule mzee, siyo?"

Nikasema, "Inawezekana."

Ndiyo. Nilikaa kando ya kitanda cha mtu anayekufa, akaniuliza juu ya baba yake, nikamjibu hivyo.

"Basi wakalisage," akasema, akageukia ukutani.

Toka siku hiyo silali vizuri. Noreen nilimwambia yote, akalia, halafu akasema mwache mzee afe kwa amani, ukimwambia sasa utamvunja moyo, utamnyang'anya na rafiki wa mwisho aliyebaki, na sisi tutaishi vipi hapa. Na mimi najiuliza kama hasemi kweli. Je, kumwambia ukweli mtu aliyebakiza pumzi chache si kujipunguzia mzigo mimi na kumtwisha yeye? Au niongee na Hobart chini chini, trekta lirudishwe kwenye mstari wake bila maneno mengi? Au nimzuie tu yule wa vyuma chakavu, nilinunue mimi, nilitunze? Nisaidie mshauri, maonyesho ni Jumamosi ijayo.

Mwenye makosa, Indiana

*

Bwana mwenye makosa,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sikupenda. Barua yako nimeisoma nikiwa nakunywa chai, na nilipofika pale uliposema "inawezekana", niliacha kunywa.

Pole kwa kukosa usingizi. Nasema kweli, si kejeli, kwa sababu mtu mbaya kabisa angelala. Lakini sasa nisikilize, na usinikatize kichwani mwako.

Kuhusu ile siki na kuku sitakulaumu sana. Ulitaka kitu cha kurithi, huna, ukakipika gerejini. Ni ujinga, na wajinga tuko wengi. Hata lile kopo la rangi, uliogopa, ukasema neno, likatoka. Lakini kitandani hukuwa unaogopa mwamuzi. Pale mzee alikupa nafasi mkononi, akakuomba kabisa, nataka ukweli, nawe ukachagua utepe wako. Ile ndiyo dhambi yenyewe, na imefanyika majuzi, kwa hiyo usiniletee habari za mwaka jana.

Unaniuliza kama utamtwisha mzigo. Ndugu yangu, mzigo anao tayari, na wewe ndiye uliyemfungia mgongoni! Unajua anachofanya akigeukia ule ukuta? Anakumbuka kila neno la baba yake na kuliangalia upya, lipi lilikuwa kweli, lipi lilikuwa uongo. Hicho ndicho mnachokiita wewe na mkeo kufa kwa amani? Mkeo naye mwambie nimemsikia, anakulinda, na ana haki ya kuogopa macho ya watu. Ila anamlinda mtu mzima mwenye afya dhidi ya mgonjwa.

Atavunjika moyo ukimwambia? Ndiyo, atavunjika. Atakupoteza wewe, na atampata baba yake. Ningekuwa yeye ningechukua baba.

Basi, leo hii nenda kwa Orrin. Usiende na bakuli la chakula, usiende na Noreen. Kaa pale pale ulipokaa, useme: baba yako hakudanganya, mimi nilidanganya, sababu ya rangi ni dirisha na nilijua. Halafu nyamaza. Usimwombe msamaha, maana kumwomba ni kumpa kazi, akufariji wewe akiwa na ule mpira puani. Na usilie. Kama una machozi, yatoe kwenye gari kabla ya kugonga mlango. Akikufukuza, toka. Akikutukana, kaa umalizie kusikiliza.

Habari ya kuongea na Hobart chini chini, hapana. Mzee alichafuliwa mchana, mbele za watu, akasafishwe mchana mbele za watu hao hao, na Delbert awepo. Na kulinunua trekta, nakukataza kabisa. Unataka ukae nalo gerejini mwako liwe lako? Hujashiba? Kuhusu mtu wa vyuma chakavu, hilo ataamua Orrin mwenyewe akishajua ukweli. Ni mali yake.

Utafukuzwa klabuni, inawezekana sana. Utakunywa kahawa yako ya Alhamisi peke yako, kama alivyokunywa yeye. Huko ndiko utakapojua ulimfanyia nini.

Bi. Maxine

*

Wasomaji, jibu langu nilimsomea huyu bwana kwa simu kabla halijachapishwa, kwa sababu mgonjwa hangoji gazeti. Siku ya pili akaniletea hili hapa, na ameomba niliweke lilivyo.

Bi. Maxine, nilikwenda jana jioni. Nilisema kama ulivyosema, halafu nikanyamaza. Orrin aliuliza kitu kimoja tu, "Ulijua hata ulipokuwa umekaa hapo juzi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Toka nyumbani kwangu." Nikatoka. Twyla alinifuata mpaka kwenye gari, nikadhani atanipiga, na angekuwa na haki. Aliniambia baba ameomba apigiwe simu yule mtu wa vyuma aambiwe asije. Akasema tena kwamba Jumamosi trekta litakuwa bandani, mlango hautafungwa na kufuli ili nilipeleke uwanjani, ila baba amesema mimi nisimrudie tena.

Sitamrudia. Noreen haongei na mimi, lakini amelipiga pasi shati langu jeupe. Hobart nimemwambia gwaride atafute mwingine wa kuliongoza, na utepe nimeuweka mezani kwake, nikamwambia asiwaambie watu sababu, nitasema mwenyewe.

Weka jina langu sasa. Mimi ni Garland Pruett. Jumamosi hii asubuhi nitakwenda na trela kwenye banda la Orrin, Twyla akiwepo, nitalipakia lile trekta na kulipeleka uwanjani, na kabla gwaride halijaanza nitashika kipaza sauti nitaje jina lake na la baba yake na langu, niseme nani alidanganya na kwa nini, halafu nitalisukuma mimi mwenyewe kwa mikono mpaka kwenye mstari wa Yasiyoguswa, watu wakiangalia, na kabla ya jua kuzama nitalirudisha bandani kwake lilivyo, bila kulifuta hata vumbi.