Tukutane Kwenye Kona

12 Mei

Baba, shikamoo.

Habari za huko na za kazi? Sisi hapa hatuumwi. Tunakula, tunalala, tunaamka. Kijiti amerefuka, sare zake za mwaka jana zinamwishia juu ya magoti.

Najua hukuitegemea barua hii. Hata mimi sikuitegemea. Tangu tumzike mama mwezi wa tisa sijakuandikia, na wewe hukuja mazishini wala hukuandika, kwa hiyo hapo tuko sare. Siandiki kugombana.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepata kazi ng'ambo, kwenye maabara ya kutengeneza meno bandia, kazi ileile ninayofanya hapa, mkataba wa miaka miwili. Naondoka tarehe 20 Julai. Mdogo wangu siwezi kwenda naye. Mama mkubwa amekubali kumchukua, ingawa nyumba yake imejaa pomoni, lakini Kijiti ananiambia bila kupepesa macho kwamba yeye ana baba. Ana miaka kumi na mitatu sasa. Uliondoka akiwa na minne. Anachokumbuka kwako ni masharubu tu.

Mwezi ujao, Jumamosi tarehe 21, yule mwimbaji anayemtoa Kijiti akili anaimba kwenye uwanja unaoutunza. Ni tamasha la mchana. Nimeshanunua tiketi mbili, tutakuja asubuhi na kurudi jioni ileile. Nataka mkutane hapo. Ukifika, tutakaa tuzungumze juu ya yeye kuishi kwako. Usipofika, anakwenda kwa mama mkubwa, na mimi sitakuandikia tena. Nasema mapema ili baadaye pasiwe na maneno.

Usitafute namba yangu ya simu. Sauti yako bado siiwezi. Andika.

Binti yako


19 Mei

Binti yangu,

Marahaba, tena marahaba sana. Barua yako imenikuta nanoa visu vya mashine. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kukata nyasi maana sikujua mikono niipeleke wapi. Mimi ni mzima, goti la kushoto tu ndilo linalonisema asubuhi.

Nitakuwepo. Hilo naliandika peke yake lisije likapotea katikati ya mengine.

Kijiti anakaribishwa leo, kesho na siku zote. Nina vyumba viwili nyuma ya uwanja. Kimoja nimekijaza mbegu na mipira ya maji, nitakitoa vitu. Kina dirisha. Shule ya wasichana iko mwendo wa dakika kumi, kengele yake inanifikia nikiwa kazini.

Sasa kuhusu siku yenyewe. Matamasha siyapendi, nisikudanganye. Wanatandika vigae vya plastiki juu ya nyasi zangu siku tatu nzima, hewa hakuna, jua hakuna. Wakivitoa nazikuta zimekuwa njano kama mtu aliyetoka kwenye homa ndefu. Halafu ni mimi tena wiki tatu, kumwagia maji, kutoboa udongo upumue, kubembeleza. Wanaotazama mpira wanadhani nyasi zinajiotea tu. Lakini safari hii watandike. Watandike hata mwezi.

Mkishuka stendi msifuate watu kwenye geti kuu, foleni yake haina mwisho. Njooni geti la magharibi, kuna kivuli na choo kinachofungika. Bebeni maji. Vaeni viatu vya kufunga, si kandambili, mtakanyagwa vidole.

Kuhusu mama yenu nina la kusema, ila kalamu inagoma.

Baba yenu


28 Mei

Baba, shikamoo.

Barua imefika, asante. Wote tu wazima. Umeniandikia aya nzima ya nyasi na mstari mmoja wa mama. Sijakasirika, nakuonyesha tu ulivyo.

Kijiti ameipindua serikali, siku yote hiyo sasa iko chini yake. Ana daftari, ameandika humo mpaka saa ya kwenda msalani. Anataka asimame mbele kabisa, anataka aiskrimu ya rangi mbili, anataka kuiona mashine yako, na anataka ujue kwamba siku hizi ni mrefu, usije ukahangaika kutafuta mtoto mfupi. Anachora bango, na mimi sina ruhusa ya kuliona. Kutwa ni nyimbo za huyo mwimbaji. Nimezishika zote bila kuzipenda hata moja.

Mimi mwenyewe sijui nikueleze vipi. Siku tatu baada ya mazishi nilirudi maabara nikapanga meno ya juu ya bwana mmoja kwenye nta, moja baada ya jingine, na yalimkaa barabara mara ya kwanza. Wenzangu wakasema nimejikaza. Sikujikaza, hakukuwa na kitu cha kukaza. Mpaka leo sijalia. Mtu akiniletea habari nzuri au mbaya, kwangu ni habari tu. Ndiyo maana nimekuwekea masharti. Siwezi kuamua kwa moyo kwa sababu wangu hausemi chochote, kwa hiyo naamua kwa kutazama nani amefika.

Watu watakuwa elfu hamsini. Tuambie pa kukutana, mahali pamoja pasipo na utata.

Binti yako


6 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia hamjambo. Chumba nimekitoa mbegu, nimepaka chokaa. Nimempa kazi seremala anitengenezee kitanda. Akauliza mtoto ana urefu gani. Nikamwonyesha kwa mkono, nikapandisha mkono, nikapandisha tena, mwisho akasema basi mzee, nitatengeneza cha mtu mzima.

Mahali nimepapata. Jukwaa litajengwa upande wa ubao wa magoli. Nyinyi mkiingia geti la magharibi shikeni kulia, nendeni mpaka kona ya upande wa geti la malori, pale bendera ya kona inapochomekwa siku za mechi. Vigae havifiki pale. Mtaziona nyasi zangu zimebaki kipande kidogo, za kijani kweli. Patakuwa patulivu, maana watu wote watakuwa wamebanana jukwaani huko mbali. Tukishasalimiana nitawapitisha pembeni mpaka mbele, Kijiti amwone mtu wake.

Saa saba na nusu mchana. Nitakuwa nimesimama pale pale na sitabanduka, hata uwanja uwake moto. Mkipotea muulizeni yeyote, semeni kona ya geti la malori.

Mwambie Kijiti masharubu bado yapo, ila yamekuwa meupe.

Baba yenu


23 Juni

Baba, shikamoo.

Tulirudi salama. Wewe hujambo, natumaini.

Hukuja. Tulifika saa saba kamili kwa geti lako la magharibi, tukashika kulia kama ulivyosema. Kwenye kona yako palikuwa na jukwaa. Nikamuuliza mlinzi kona iko wapi, akacheka. "Dada, leo hakuna kona, leo kuna muziki tu." Nikamuuliza kama amemwona mzee wa nyasi. Akasema wazee wa nyasi leo wako likizo. Tukasimama kwenye uzio wa chuma, karibu na jukwaa kadiri walivyoturuhusu, mpaka saa kumi na moja. Bila kutaka tulikuwa mbele kabisa, pale Kijiti alipokuwa anapaota mwaka mzima, naye akampa mwimbaji wake mgongo ili atazame watu.

Hapo ndipo nilipoliona bango. Wengine walikuwa wameandika jina la mwimbaji na kuchora mioyo. Lake lilikuwa na neno moja kwa rangi nyekundu, BABA. Kamera ikalinasa. Likatokea kwenye skrini zote mbili, kubwa kuliko nyumba yetu, na watu elfu hamsini wakalipuka kwa shangwe. Nadhani walidhani ni wimbo mpya. Mwimbaji mwenyewe akapuliza busu upande wetu. Kijiti akalishusha, akalikunja mara nne, akalikalia kwenye basi njia nzima.

Hakulia. Amejifunza kwangu.

Nilisema mapema. Mama mkubwa atakuja kumchukua tarehe 18. Kitanda mpe mwenye mtoto.

Binti yako


29 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Sijui kama utaifungua hii. Ukiifungua isome mpaka mwisho, ndipo uichane.

Nilikuwepo.

Siku tatu kabla, waandaaji walihamisha jukwaa. Malori yao yalikuwa mazito mno kuvuka uwanja, wakaona walijenge hapo hapo yalipoingilia, juu ya kona yangu. Nikawaambia haiwezekani, wakaniuliza mimi ni nani. Barua ingewakuta mmesharudi, na namba yako ya simu sina. Nikawaza, nimesema kona, watakuja kona.

Saa saba nikamdanganya fundi wa jukwaa kwamba naenda kuangalia mfereji wa maji. Nikapenya katikati ya vyuma nimeinama na tochi mkononi, mpaka nikalipata shimo la bendera. Niliahidi kusimama, lakini mbao za jukwaa zilikuwa chini mno, nilipiga magoti. Nilikuwa nimevaa shati jeupe jipya. Juu yangu wacheza dansi walikuwa wanaruka, vumbi linanimwagikia kichwani. Nikajiambia mtaniulizia kwa walinzi, walinzi watamuuliza fundi, fundi atasema yuko chini. Mara ngapi sijui nilitaka kutoka niwatafute, na kila mara nikawaza, dakika nitakayoondoka ndiyo hiyo hiyo watakayofika. Naandika sasa naona ujinga wote ulivyo wazi, mtu mzima kajificha mahali penyewe alipowaambia watoto wamwone. Kule chini sikuuona. Kwangu kona ni kona, hata ikijengewa ghorofa.

Zile kelele za bango nilizisikia. Nami pia nilidhani ni wimbo.

Nilitoka saa kumi na mbili. Uwanjani palikuwa na chupa tupu na wafagiaji.

Sasa hili la mama yenu. Siku iliyofuata mazishi palikuwa na mechi kubwa, na watu wakiniuliza nasema kazi ilinibana. Si kweli. Sikuomba ruhusa. Msimamizi angenipa bila neno. Niliogopa kuingia pale mbele ya ndugu zake, na mbele yako zaidi. Nilipoondoka nyumbani nilimwambia mama yenu ni miezi sita tu, nikishajipanga nawachukua wote. Aibu ikakaa, ikaota mizizi. Siku mnamzika nilikuwa nakata nyasi nilizokwisha kuzikata asubuhi. Nilimpenda mama yenu na nikamwacha, yote mawili ni kweli, sina namna ya kuyapanga yapendeze.

Fanya ulivyoamua. Una haki.

Baba yenu


12 Julai

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Sisi wazima. Nyumba ni masanduku na mwangwi.

Nilikaa na barua yako siku tisa. Nimekuamini. Ningependa nisikuamini. Hasira juu yako ndiyo kitu pekee nilichokuwa bado nakisikia tangu mwezi wa tisa. Nilikuwa naamka nayo, nakwenda nayo kazini. Nilipomaliza kusoma niliitafuta, sikuikuta. Sasa hakuna kitu kabisa. Sikulaumu, nakueleza tu hali ilivyo.

Nikampa Kijiti aisome mwenyewe. Alikuwa anakunywa chai. Akasoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Yaani alikuwa chini ya miguu ya mwimbaji?"

"Ndiyo."

"Na shati jeupe?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Muda wote ule?"

Akaanza kucheka. Akacheka chai ikamtoka puani, akajishika kwenye meza, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na hicho nacho hakikukatika. Alilia mpaka jioni. Alimlilia mama, alikulilia wewe, alililia hata bango. Nilimshika mgongo, nikawa namtazama kama mtu anayetazama mvua akiwa nyuma ya dirisha. Nilimwonea wivu.

Alipotulia akanawa uso, akasema anakuja kwako. Nimemweleza mama mkubwa, amenuna, nitamnunulia soda yatakwisha. Mimi nilisema ukifika. Ulifika. Mahali pa ajabu, lakini ulifika na ulikaa, na kukaa ndiko tulikokuwa hatujakuona.

Anakuja Jumamosi tarehe 19, basi la saa mbili asubuhi, linaingia stendi saa sita. Tafadhali usimwambie akusubiri popote. Yeye atashuka tu, kumtafuta ni kazi yako. Panda juu ya benchi, paza sauti, muite jina lake mpaka wapiga debe wakushangae. Yeye hataona haya. Ana hamu ya kuitwa.

Mengine ni haya. Husema ameshiba kabla hajashiba, mwongeze. Hulala redio ikiwa inaongea, usiizime mpaka aanze kukoroma, na usimwambie kwamba anakoroma. Hesabu anaiweza ila anajifanya haiwezi. Meno yake yote ni mazima, hilo nimelisimamia mwenyewe. Akikuuliza kwa nini hukuja kumzika mama, mwambie kama ulivyoniandikia mimi, usiongeze kitu.

Mimi naondoka kesho yake. Sijui nikiwa huko nitakuwa mtu wa namna gani. Anwani nitakutumia nikishaipata. Nikianza kusikia kitu tena moyoni, hata kama ni ile hasira imerudi, wewe ndiye nitakayemwandikia kwanza.

Binti yako