Watu wa Mashua Jikoni Kwangu

Jumatatu, 17 Septemba 1973

Mathenge,

Nimefukua majivu, kaa lilikuwa jekundu bado. Pumzi mbili, kijiti kimoja cha mti wa kahawa, chai tayari. Tangu ulipouwasha moto huu asubuhi ile ya kwenda hospitali usikorudi, Aprili mwaka jana, sijapiga kiberiti hapa jikoni. Jioni naufunika, asubuhi naufukua. Sijamwambia mtu. Wangecheka.

Mdogo wako Gichuki alikuja tena. Anasema mwanamke mmoja hawezi shamba la kahawa. Nisipopata watu wa kukaa nami mpaka Krismasi, ataweka mpangaji kwenye nyumba hii na mimi nihamie kwake, kile chumba cha nyuma, karibu na ng'ombe. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaniumiza.

Barua ya ndugu yangu Kariuki imefika kutoka Kisumu. Mashua wameiuza. Watakuja huku, yeye na mke wake Atieno, wajaribu kukaa nami. Ameandika hivyo, "tujaribu". Mke hajaishi kwenye nyumba tangu waoane, miaka tisa. Kariuki anaomba niende kuwachukua, ili Atieno aone uso wa mtu kabla ya kuona mlima. Nitaenda. Jirani yetu Wairimu atanifunikia moto. Nimemwambia tu asiuache uzimike, sikumwambia kwa nini.

Nataka sana kujua mtu analalaje juu ya maji.


Jumatano, 19 Septemba. Kisumu

Jana nililala juu ya maji. Kitanda kinapumua.

Mashua ni ndefu kama jiko letu na ghala kwa pamoja. Tanga lina viraka vya kila rangi, kimoja ni shati la Kariuki, nimelitambua. Chini kuna chumba. Ukiketi, kichwa kinagusa mbao. Vikombe vinaning'inia kwenye misumari. Rafu ina ukingo mbele ili sahani zisiteleze. Chumvi imo kwenye chupa na chupa imefungwa kwa kamba. Niliuliza kwa nini. Atieno akasema, "Dada, ukiiacha hivyo, utaifuata ziwani."

Walikuwa wakibeba nyungu, mtama na samaki wakavu kutoka visiwani. Sasa malori yamechukua kazi hiyo. Mbao nazo zinaoza. Kariuki anazipapasa kama ng'ombe ambaye mwenye kumnunua amekwisha fika.

Mbele kabisa kuna ubao mweusi, umeungua. Niliuliza. Kariuki akaanza kuzungumza habari za upepo.

Atieno ni mrefu, anacheka upesi. Hatoi kitambaa kichwani hata anapooga. Nampenda. Naogopa kumpenda kabla sijajua kama atakaa.


Ijumaa, 21 Septemba. Nakuru

Safari ya siku nzima. Pikapu ya Kariuki ni kuukuu, mlango wangu unafungwa kwa waya. Tulipoondoka Atieno hakugeuka kutazama ziwa. Kariuki aligeuka, nusura tuingie mtaroni.

Mzigo aliufunga Atieno. Karibu na Kericho polisi walitaka kuona ndani. Mmoja alihangaika na fundo la kwanza, kisha la pili. Mwishowe akasema, "Mama, hapa umefunga vyombo ama umefunga simba?" Wenzake wakacheka, wakatuambia twende.

Jambo moja la ajabu. Hawashuki garini pamoja. Mmoja akishuka, mwingine anabaki. Hata hotelini hapa Nakuru, Kariuki alikula, akatoka, ndipo Atieno akaingia. Mashua haiachwi peke yake, wanasema. Niliwaambia hili ni gari, haliwezi kuelea likaenda. Wakakubali. Kisha wakafanya vilevile. Mimi nilikaa na wote wawili, kwa hiyo nimekula mara mbili.


Jumamosi, 22 Septemba. Nyumbani

Baada ya Nyahururu ukungu ulifunika barabara. Atieno akauliza ni nani anachoma nyasi. Alipotoa mkono nje ukarudi umelowa, akaunusa. Kila tulipopanda kilima aliuliza nyuma yake kuna nini. Kariuki akajibu kila mara, "Kilima." Aliuliza mpaka tukafika.

Wamechukua chumba cha mbele. Atieno ameosha vyombo vyote peke yake. Wairimu aliutunza moto vizuri, nimeukuta. Nimefurahi kusikia miguu ya watu ndani ya nyumba.


Jumapili, 23 Septemba

Nimefukua majivu. Tope.

Atieno alimwaga maji motoni jana, mimi nikiwa chumbani. Sufuria nzima. Nilichimba kwa kidole mpaka chini. Hakuna kitu.

Nimepiga kiberiti. Vijiti viwili vilivunjika.

Mlima ulikuwa wazi. Atieno alisimama uani akiutazama, akaniuliza kama theluji ile imewahi kuwaangukia watu. Nilimjibu vizuri. Ndani nilikuwa na hasira mpaka nikajionea aibu.


Jumanne, 25 Septemba

Tope tena. Jana pia.

Jioni nilimtazama kupitia ufa wa mlango. Humwaga maji polepole, anakoroga kwa kijiti, anamwaga tena. Anaweka kiganja juu. Ananusa. Ni kama mtu anayefunga mlango wa benki. Siyo uzembe. Basi ni nini? Najiuliza siku nzima nikipalilia.

Kumwambia siwezi. Nikimkaripia watarudi Kisumu. Wakirudi Kisumu, mimi naenda kulala karibu na ng'ombe wa Gichuki.


Jumapili, 30 Septemba

Jana wanawake wa kanisa walikuja kumkaribisha, na uji kwenye vibuyu na kuni mgongoni, kama tunavyofanya kwa mke mgeni. Atieno alipokea uji kwa mikono miwili. Kuni akawaomba wazipange nje, mbali na nyumba, kule kwa ng'ombe wetu. Walimtazama. Kisha wakazipeleka.

Leo Kariuki alikuja kanisani peke yake, Atieno alibaki kulinda nyumba. Baada ya ibada Wairimu akanivuta shati. "Nyambura, huyu wenu anaogopa kuni ama anaogopa sisi? Ati tumebeba mzigo kutoka mtoni, shingo imekauka, halafu tunaambiwa tupelekee ng'ombe! Ng'ombe yako siku hizi inapika?" Wote walicheka. Nami nilicheka. Hakikuwa kicheko kizuri.


Jumatano, 3 Oktoba

Nimesema.

Nilimkuta na sufuria ya maji mkononi. Nikamwambia, "Huo moto ulikuwa wa Mathenge. Umemzika mara ya pili." Nilisema kwa sauti ambayo sikuijua. Nikamweleza yote, Aprili, hospitali, majivu.

Hakulia. Aliweka sufuria chini taratibu, akaenda kuchukua kamba.

Kabla ya giza gari lilikuwa limepakiwa. Kariuki alilizunguka akivuta kila fundo. Hakunitazama. Wanaondoka kesho, kwa mama yake Atieno.

Gichuki ameshinda bila hata kuja. Ni mimi niliyemfungulia mlango.


Alhamisi, 4 Oktoba

Asubuhi gari lilikuwa bado uani. Atieno hakuwapo. Kariuki alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono kati ya magoti. Hapo ndipo aliponiambia.

Ilikuwa Machi. Kaa moja lilibiringika kutoka kwenye jiko la mashua wakiwa wamelala. Mbele kukashika moto. Atieno aliamka nywele zake zinawaka. Kariuki alimsukuma majini. Kitambaa kile kinafunika mahali ambapo nywele hazikurudi. Tangu siku hiyo halali mpaka moto umwagiwe maji, na mkono wake uhakikishe.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Alinikataza. Alisema utamwona mgonjwa."

Nilikaa naye kwenye ngazi.

Wakati wa chai nikasikia kelele bondeni. Atieno alikuwa anapanda njia, mikono imenyooka mbele kabisa, ameshika kigae chenye majivu. Ndani ya majivu kulikuwa na makaa. Jasho lilimtoka kama mtu aliyebeba nyoka. Nyuma yake Wairimu alikuwa akipiga makelele. "Polepole, wee! Ukimwaga, sikupi mengine! Nami nataka kupika!"

Alikuwa amekwenda kwa Wairimu alfajiri kumuuliza kosa lake lina dawa gani. Wairimu akamwambia kwetu moto ukifa nyumbani, unaomba kwa jirani. Hakuna zaidi. Akataka kumbebea. Atieno akakataa.

Aliuweka kwenye mafiga mwenyewe. Kisha akatoka nje akatapika.

Jioni nilimwonyesha namna ya kufunika. Nilichukua mkono wake nikauweka juu ya majivu. Palikuwa baridi.

"Uko wapi?"

"Chini. Umelala."

"Na ukiamka kabla yangu?"

Sikutaka kumwapia jambo nisiloweza. Nikatandaza udongo mbichi kuzunguka mafiga, nikasogeza kuni zote kando. Nikamwambia tutakaa hapa mimi na yeye mpaka atakapotaka kwenda. Tulikaa. Aliniuliza wewe ulikuwa mtu wa namna gani. Nilimwambia ulikuwa unapiga mluzi ukikata kucha, na kwamba hukuwahi kumaliza kikombe cha chai, ulikuwa unaacha kidogo kwa ajili yangu. Alicheka. Ni mara ya kwanza mimi kukucheka na mtu mwingine.

Nje, Kariuki amefungua nusu ya mzigo. Nusu tu.

Moto huu si wako, Mathenge. Ni wa Wairimu. Nimeutazama sana kuona tofauti. Unaivisha githeri ya mahindi na maharagwe vilevile.


Jumamosi, 20 Oktoba

Mvua imeanza.

Gichuki alipita. Alimkuta Kariuki shambani, anachuma kahawa na kikapu kimefungwa kiunoni kwa fundo la ajabu. Alisimama kidogo akitazama. Alikunywa chai, akauliza kama tunahitaji dawa ya ng'ombe. Habari za mpangaji hakuzitaja.

Mchana Atieno alikuja na jembe begani. Aliomba mbegu ya maharagwe. Nikamwonyesha kipande kile cha chini ya miti ya kahawa. Akauliza yanachukua muda gani. Nikamwambia miezi mitatu.

Alihesabu kwa vidole. "Basi tutavuna Januari," akasema.

Nilishika jembe langu. Tulipanda mistari minne kabla mvua haijarudi, yeye akichimba, mimi nikitia mbegu na kufunika kwa mguu. Mistari yake inapinda. Nimeiacha hivyo.

Mgongo unauma vizuri. Nyumba ina watu. Huko uliko, Mathenge, nikumbuke.