Sumu Kidogo Kidogo

Kwako mjukuu wangu Chebet,

Chamgei? Hapa Sigowet tuko salama. Mvua imekuja vizuri, na babu yako amemaliza kupanda viazi.

Umeniuliza kama ukubali daktari wa Nairobi akudunge sindano za sumu ileile ya nyuki iliyokuangusha, kidogo kidogo, mpaka mwili uizoee. Unasema unaogopa.

Nilikuwa msichana wakati dada yangu Cherono alipoumwa na nyuki tukichuma chai. Uso ulivimba, pumzi ikapotea. Alipona, lakini mimi, ambaye sikuguswa, nilikataa kurudi shambani. Mama Nyaboke, mchumaji mwenzetu kutoka Kisii, hakunigombeza. Alinishika mkono akasema, "Leo tusimame hapa barabarani tu. Ukishindwa, tutarudi."

Kesho yake tuliingia hatua tano. Siku moja nilitoroka kabisa, na asubuhi iliyofuata nikamkuta ananingoja palepale. Mwezi ulipoisha nilikuwa katikati ya shamba nikichuma, moyo bado unadunda.

Mimi niliponywa woga tu. Mwili wa Cherono haukupata tiba kama hii yako, na mpaka leo haketi karibu na maua.

Kwa hivyo nenda, mama. Baada ya sindano ukae hospitalini mpaka wakuruhusu, na ile dawa ya dharura isitoke kwa mkoba wako. Umesema unaanza Jumatatu. Jumapili nikitoka kanisani nitapanda gari, nije nikae nawe kwenye benchi.

Ni mimi, kogo wako anayekupenda.