Trei ya Maji Matupu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili hauna neno. Barua zangu tatu hujazijibu, lakini sikulaumu, najua wewe na kalamu ni paka na panya.

Bado niko kituo cha utafiti, kwenye kile kibanda cha vioo nilikuwa nalea miche ya maharage. Mkuu wangu tunamwita Bi Mizani, maana hata sukari ya chai huipima. Anachunguza homoni ya mizizi. Trei ya kwanza hupewa maji matupu. Nne zinazofuata hupewa dawa yenye homoni hiyo, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Dawa ikiwa kidogo sana, mizizi hurefuka, ikizidi, hudumaa. Zote hulinganishwa na ile ya maji. Bi Mizani huja Ijumaa na rula yake, hupima, huondoka. Siku nyingine zote zilikuwa mimi na maharage, na usinicheke, nilianza kuyaamkia.

Ijumaa iliyopita alitoka kichwa chini. Alisema mizizi ya trei ya maji imelingana na ile ya dawa kidogo, kwa hiyo homoni hairefushi mizizi, na jasho lake la miaka miwili limepotea bure. Jumatatu angeandika ripoti kwamba ameshindwa.

Dada, ni mimi niliyeharibu. Kila asubuhi nilikuwa naidondoshea trei ya maji dawa kidogo, kwa siri. Niliyaonea huruma maharage yale: wenzao wanapewa, yenyewe yanatazama tu. Haki ya Mungu sikuwa na nia mbaya.

Jumapili nilimfuata nyumbani kwake nikamweleza yote. Nilidhani atanitimua. Badala yake akaniuliza mara ya mwisho kukaa na mtu tukazungumza ilikuwa lini. Nilihesabu miezi kwa vidole, vidole vikaisha. Nikalia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu.

Atapanda upya. Ufunguo wa kibanda ameuchukua. Sasa naosha chupa chumba cha nyuma, na humo hamna hata mche. Upweke unanila, dada. Sijamwambia mtu mwingine.

Wasalimie wote hapo nyumbani, uwaambie naendelea vizuri.

Ndimi mdogo wako,
Kitindamimba